Zaire miliari 300 ndani ya franka moja

LUBUMBASHI – Franka moja ya Kongo, ambayo leo haiwezi kununua hata kiberiti kwenye soko la Kenya mjini Lubumbashi, iliwekwa sawa na zaire 300 000 000 000 za wakati wa Mobutu. Namba hiyo inaonyesha kwa nini kubadilisha feza kunaweza kumuumiza mnyonge kuliko tajiri.

Ilipatikana kwa hatua mbili. Mwezi wa Oktoba 1993, serkali ya Waziri Mkuu Faustin Birindwa ilileta zaire mpya: moja kwa kila zaire 3 000 000 za zamani. Tarehe 30 Juni 1998, chini ya Laurent-Désiré Kabila, franka ikarudi: moja kwa kila zaire mpya 100 000. Zidisha namba hizo mbili, unapata 3 na zero 11 nyuma yake, ndiyo miliari 300.

Zero zinatisha macho, lakini kwa hesabu ni nyepesi. Kila zero inaleta 10, na 10 ni 2 mara 5. Ukifungua miliari 300 hadi mwisho, unakuta 2 kumi na moja na 5 kumi na moja zilizozidishwa pamoja, na 3 moja tu. Hiyo 3 ya mwaka wa 1993 ndiyo iliyoleta matata.

Kanuni ya shuleni inasema: jumlisha tarakimu za namba, kama jumla haigawanyiki kwa 3, namba yenyewe pia haigawanyiki. Noti kubwa ya zamani, ya 5 000 000, jumla yake ni 5. Kwa hiyo ilikuwa zaire mpya 1,666… bila mwisho. Noti ya 1 000 000 ilikuwa makuta mapya 33 na theluthi moja, na noti ya theluthi ya likuta haikuwepo.

Mwenye noti moja ya milioni, akihesabiwa makuta 33 tu, angepoteza zaire 10 000 za zamani, yaani 1 kwa 100 ya feza yake. Mwenye noti 100 angepoteza zaire 10 000 zilezile, lakini kwake ni tone. Watu watatu wenye noti mojamoja, wakiziweka pamoja, wangepata zaire mpya moja kamili bila kupoteza kitu.

Mwaka wa 1998 matata hayo hayakurudi. Ndani ya 100 000 kuna 2 na 5 peke yake. Koma inasogea nafasi tano, hesabu inaisha.

Hata hivyo, kukata zero hakurudishi imani. Januari 1993, wanajeshi waliolipwa kwa noti ya milioni 5 walifanya fujo Kinshasa, kwa sababu wachuuzi waliikataa. Kasai nayo ilikataa zaire mpya, ikabaki na ya zamani.

Tangu 2012 kuna noti ya franka 20 000. Kwa zaire za zamani, hiyo ni 6 na zero 15. Siku zero zitakatwa tena, mkaaji wa Katuba aangalie kwanza namba ya kugawanya: ni 1 na zero tu, ao kuna 3 ndani yake?