Kombora Hufika Lilikotumwa

Katika vita vya kisasa, askari aweza kuibomoa nyumba iliyo mbali naye zaidi ya kilomita elfu moja, asiyoiona kamwe. Zana impayo uwezo huo ni kombora la masafa marefu, lirukalo kama ndege isiyo na rubani. Lina mabawa mafupi, injini, na baruti kichwani. Yafaa wananchi wafahamu jinsi lifanyavyo kazi, na mahali ambapo kosa laweza kuingia.

ASILI YAKE

Kombora la kwanza la namna hii kutumika kwa wingi ni V-1 la Wajerumani, lililoanza kuanguka London mwezi Juni 1944. Shabaha yake ilikuwa hafifu mno, hata halikuweza kulengwa kwa kitu kidogo kuliko mji. Raia wengi waliuawa majumbani mwao.

Tarehe 17 Januari 1991 Marekani ilitumia kombora la Tomahawk vitani kwa mara ya kwanza, likirushwa kutoka manowari kuipiga Iraki. Tomahawk lina urefu wa mita 6 hivi, huenda karibu kilomita 880 kwa saa, na hubeba kichwa cha kilo 450 hivi. Huruka chini ili rada isilione upesi. Njiani hupima kimo cha ardhi na kukilinganisha na ramani lililopewa. Likikaribia mwisho wa safari, kamera yake hulinganisha inachokiona na picha iliyowekwa ndani yake. Aina zilizofuata huongozwa pia na setilaiti.

KISA CHA KHARTOUM

Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa. Watu 224 walikufa, wengi wao Waafrika waliokuwa katika shughuli zao za kila siku. Siku 13 baadaye Marekani ililipiza kisasi: makombora yake yalipiga makambi nchini Afghanistan na kiwanda cha Al-Shifa mjini Khartoum. Kiwanda kilibomoka kabisa na mlinzi akauawa.

Kiwanda hicho kilikuwa kikitengeneza dawa za binadamu na za mifugo. Marekani ilidai kwamba udongo uliochukuliwa karibu nacho ulikuwa na kemikali ya kutengenezea sumu ya vita iitwayo VX. Sudan ilikanusha. Hata huko Marekani wako walioutilia shaka ushahidi huo, na mwaka 1999 serikali yao ikaachilia fedha za mwenye kiwanda ilizokuwa imezizuia.

KISA CHA BELGRADE

Tarehe 7 Mei 1999, katika vita vya NATO na Yugoslavia, ndege ya Marekani iliangusha mabomu matano yaongozwayo na setilaiti juu ya ubalozi wa Uchina. Waandishi wa habari watatu wa Kichina waliuawa. Marekani ilieleza kuwa ilikusudia ofisi ya kununulia zana za kijeshi, ila jengo lilitambuliwa kimakosa. Rais Clinton akaomba radhi. Uchina haikuridhika na maelezo hayo. Mabomu yenyewe yalianguka pale pale yalipoelekezwa.

WAJIBU WA MWENYE SILAHA

Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa katika Mikataba ya Geneva, yawataka makamanda kufanya kila liwezekanalo kuhakikisha kuwa shabaha ni ya kijeshi. Penye shaka juu ya nyumba, shule au mahali pa ibada, pahesabiwe kuwa pa raia.

Kombora halipambanui kiwanda cha sumu na kiwanda cha dawa. Kazi hiyo ni ya mtu alipaye mahali pa kwenda. Askari aliye kizuizini na polisi aliyepewa jina la mshukiwa wana wajibu uo huo, ingawa silaha yao ni bunduki tu. Na waulize mara ya pili kabla ya kufyatua, kwani risasi hairudi, na majuto ni mjukuu.