Daktari Waterhouse na Chanjo ya Ndui

Wasikilizaji wetu, leo twataka kueleza habari za daktari mmoja wa Marekani, jina lake Benjamin Waterhouse, aliyewafundisha watu wa nchi yake kujikinga na ndui. Alizaliwa mwaka 1754 katika mji wa Newport, akasoma uganga London, Edinburgh na Leiden, kisha akawa mmoja wa walimu wa kwanza wa uganga katika chuo cha Harvard, karibu na mji wa Boston.

Kwanza yatupasa kujua ndui ilikuwa ugonjwa wa namna gani, maana vijana wa siku hizi hawakuiona, na ni heri yao. Mtu alishikwa na homa kali na maumivu ya kichwa na mgongo. Baada ya siku chache vipele vikamtoka usoni na mwilini, vikajaa usaha. Katika kila wagonjwa kumi, yapata watatu walikufa. Waliopona wengi walibaki na makovu, na wengine wakapofuka. Dawa ya kuiponya haikuwako.

Walakini watu wa kale walikuwa wametambua jambo moja kubwa, ya kuwa aliyekwisha kupona ndui haimpati tena. Kwa hiyo katika nchi nyingi za Afrika na Asia walitwaa usaha kidogo wa mgonjwa, wakamchanja mtu mzima wa afya, ili apate ndui hafifu na kuokoka na ile kali. Hata huko Boston elimu hiyo ililetwa na Mwafrika aliyekuwa mtumwa, jina lake Onesimus. Yeye ndiye aliyemweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, jinsi alivyochanjwa kwao Afrika. Na ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, njia hiyo ikatumiwa. Iliokoa wengi, lakini ilikuwa na hatari mbili: wachache walikufa kwa kuchanjwa kwenyewe, na aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza jirani zake.

Basi mwaka 1796 Daktari Edward Jenner wa Uingereza alimchanja mtoto mmoja kwa maji ya kipele cha ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwepesi ulioshika mikono ya wakamuaji. Baadaye alimtia ndui yenyewe, wala mtoto hakuugua. Jenner aliandika kitabu mwaka 1798, na mwaka uliofuata kitabu hicho kilimfikia Waterhouse. Alipokwisha kukisoma, hakukaa na habari hizo peke yake, bali alizitangaza katika gazeti la Boston.

Lakini maneno matupu hayamkingi mtu. Waterhouse aliagiza dawa kutoka Uingereza, ikaletwa kwa merikebu, nayo ni uzi uliochovywa katika maji ya ndui ya ng'ombe. Tarehe 8 Julai 1800 alimchanja mwanawe mwenyewe, Daniel, aliyekuwa na umri wa miaka mitano. Kisha akawachanja watoto wake wengine na watumishi wa nyumbani. Wote walipata kidonda kidogo na homa ndogo, wakapona. Halafu, ili kuondoa shaka, akapeleka baadhi yao katika hospitali ya wagonjwa wa ndui, wakatiwa ndui yenyewe. Hapana hata mmoja aliyeugua.

Sababu yake ni nini? Ndui ya ng'ombe na ndui ya watu ni kama ndugu wawili, mmoja mpole na mmoja mkali, nao wamefanana sura. Mwili ukishapigana na yule mpole hujifunza kuitambua sura yake. Hata akija yule mkali, humjua mara moja na kumshinda kabla hajapata nguvu.

Haifai kumsifu mtu kwa mema yake tu na kuficha makosa yake. Mwanzoni Waterhouse alitaka dawa iwe mkononi mwake peke yake, na madaktari wengine waliotaka kuitumia wamgawie sehemu ya faida yao. Wengi wakachukizwa, wakatafuta dawa mahali pengine. Wengine, kwa tamaa ya fedha, waliuza vipande vya mikono ya shati iliyokauka usaha wa vidonda vibaya, wakidai ni dawa. Katika mji wa Marblehead, mwaka ule ule 1800, watu walichanjwa kwa usaha uliodhaniwa kuwa wa ndui ya ng'ombe, kumbe ni wa ndui yenyewe. Ugonjwa ukaenea, na watu wengi wakafa. Tangu hapo watu waliiogopa hata chanjo ya kweli.

Waterhouse aliona kosa, akaanza kuwagawia madaktari wengine dawa. Alimwandikia Thomas Jefferson, ambaye mwaka 1801 alikuwa Rais wa Marekani. Dawa zilizopelekwa kwake ziliharibika njiani kwa joto, basi Jefferson akashauri chupa ndogo ya dawa itiwe ndani ya chupa kubwa yenye maji, ipate kukaa baridi. Mwaka ule, nyumbani kwake na kwa jamaa na jirani zake, walichanjwa watu wapatao 200, na wengi wao walikuwa watumwa.

Hata hivyo watu wa Boston walitaka kuona kwa macho yao. Waterhouse akawaomba wakuu wa afya wa mji wafanye jaribio la wazi. Mwezi wa Agosti 1802 wavulana 19 walichanjwa kwa ndui ya ng'ombe. Mwezi wa Novemba 12 kati yao walitiwa ndui yenyewe, wasiugue. Lakini wavulana wawili wasiochanjwa, waliotiwa usaha ule ule, waliugua ndui. Hapo shaka ikapungua sana.

Waterhouse alifariki mwaka 1846, na kazi ile ikaendelezwa na wengine. Mgonjwa wa mwisho aliyepata ndui kwa kuambukizwa katika maisha ya kawaida alionekana mji wa Merka, Somalia, mwaka 1977. Na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha duniani.

Basi tukumbuke kwamba waliosita kuchanjwa hawakuwa wajinga wote, maana walikuwa wameona watu wakifa Marblehead. Shaka yao haikuondolewa kwa matusi wala kwa amri, bali kwa dawa safi na jaribio lililofanywa mbele ya wote. Nasi tukiwa na shaka juu ya chanjo ya surua au ya kupooza, tumwulize mganga wa zahanati atueleze. Na tukiisha kuelewa, tusikawie kumpeleka mtoto.