Shokapu za Hiace ya mzigo: za nyuma unaziweza mwenyewe

Simama asubuhi karibu na Petite Barrière, pale maelfu ya watu wanapovuka kila siku kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma, uangalie magari yanayokuja kushusha viazi, karoti na vitunguu upande wa Rwanda. Gari zima likipita tuta huinua pua, hushuka, hutulia. Linalofuata hupita tuta lile lile, likaendelea kucheza kama mtumbwi uliopigwa na wimbi: mara mbili, mara tatu, mara nne. Ukimuuliza dereva, atakwambia gari limeizoea barabara. Halijazoea kitu. Shokapu zimekufa.

Huku kwetu wengi huziita amotisa, kwa kufuata Kifaransa. Ukivuka Gatuna kwenda Kampala, au ukifika Dar es Salaam, utaelewana zaidi ukisema shokapu. Kifaa ni kile kile: bomba la chuma lenye oili ndani, na fimbo inayong'aa inayoingia na kutoka. Gari likiruka, pistoni iliyo kwenye ncha ya fimbo hulazimisha oili ipite kwenye vitundu vidogo. Oili hupinga, mruko hugeuka kuwa joto, gari hutulia. Ndiyo maana ukigusa shokapu nzima baada ya safari ya barabara mbaya utaikuta ina moto, na ile iliyokufa utaikuta baridi.

Jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulichanganya ni hili: shokapu haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na springi. Mtu akiona gari limelala nyuma kwa magunia, humwendea fundi amwongezee jani la springi, na gari huinuka kweli. Lakini springi iliyoongezwa nguvu hurudi juu kwa kishindo zaidi, na shokapu iliyotengenezwa kutuliza springi ya awali haiiwezi. Baada ya muda inavuja. Mwenye gari analaumu barabara, kumbe tatizo alilinunua mwenyewe siku ile ya jani.

Kwa anayetoka Musanze na mzigo, jambo hili si la starehe ya abiria. Barabara hupanda hadi Mukamira na Bigogwe, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huanza kuteremka kupitia Mahoko mpaka Gisenyi, ambako Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi. Ni mteremko mrefu wenye kona, na unaishia mjini, penye watu. Breki hufanya kazi pale tu tairi linapogusa lami. Gari lenye shokapu mbovu, kila likikuta shimo au bonde dogo, tairi huinuka kidogo. Kwa nukta ile breki inashika gurudumu lisilogusa kitu. Dereva anahisi breki ni dhaifu, anabadilisha breki pedi, anabadilisha oili ya breki, na bado gari halisimami anavyotaka.

Upande wa pili wa mpaka kuna adui mwingine. Goma imejengwa juu ya lava. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ulipitisha mto wa moto katikati ya mji, na ule wa tarehe 22 Mei 2021 ukafika pembezoni mwake. Lava ikipoa huwa mwamba mkali wenye meno, na mitaa mingi isiyo na lami imesawazishwa juu yake tu. Hapo shokapu haipumziki hata mita moja. Chukudu, lile baiskeli la mbao ambalo Goma imelisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu, huvumilia njia hizo kwa vipande vya mpira wa tairi vilivyozungushwa kwenye magurudumu yake ya mbao, na mwendeshaji humalizia kwa magoti yake. Hiace haina magoti.

Ulaya wapo watu wanaosafiri na magari ya kulala, yenye kitanda na jiko ndani, na wengi wao hubadilisha shokapu wenyewe. Sababu yao inafanana na yetu kuliko mtu angedhani. Gari lao, mara nyingi Fiat Ducato iliyojengewa nyumba mgongoni, hutembea na uzito karibu wa mwisho siku zote za maisha yake. Halijui kutembea tupu. Hiace inayobeba viazi asubuhi, ikarudi na vitenge jioni, na usiku ikawa chumba cha mwenye mali anayelinda magunia yake, ina maisha hayo hayo. Gari la namna hiyo halifai kuhesabiwa kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari dogo la familia.

Kujua kama zimekwisha hakuhitaji mashine. Gari likiwa tupu, kwenye tambarare, bonyeza kona moja ya nyuma kwa uzito wako wote, kisha achia. Ikipanda na kutulia, sawa. Ikiendelea kucheza, imekwisha. Halafu ingia chini na tochi. Utando mwembamba wa vumbi lenye unyevu si neno, lakini oili iliyochuruzika mpaka chini ya bomba ni hukumu. Pitisha kiganja juu ya tairi pia: likiwa na mabonde na vilima kuzunguka uso wake, limekuwa likirukaruka. Usisubiri ukaguzi wa magari wa Polisi ukwambie. Kurudishwa ni siku ya soko iliyopotea.

Sasa kununua, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea kuliko kwenye ufundi. Usiende Gatsata mjini Kigali wala soko la Kisekka mjini Kampala ukasema tu unataka shokapu za Hiace. Hiace ziko nyingi. Kuna za herufi LH, za KDH, za TRH, kuna body nyembamba na pana, na urefu wa shokapu hutofautiana. Nakili namba yote ya modeli iliyoko kwenye kibati cha gari, piga picha ya shokapu iliyopo na vishikio vyake vya juu na chini, ndipo uende. Nunua jozi daima. Mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine hulifanya gari livutie upande kwenye kona, na kona ndizo tulizo nazo.

Dukani, iombe uishike. Isimamishe wima, ibonyeze mpaka mwisho, ivute mpaka mwisho, mara tano au sita. Mwendo uwe mzito na laini, bila nafasi tupu mwanzoni, na kwa kawaida kuivuta ni kugumu kuliko kuibonyeza. Ile ya gesi huinuka yenyewe ukiiachia. Moja ikiinuka na mwenzake ikabaki chini, rudisha zote mbili. Za mtumba zilizofunguliwa kwenye magari mengine ni bahati nasibu, na zile zinazotobolewa, zikajazwa oili na kuchomelewa upya mimi sizihesabu kuwa shokapu hata kidogo. Oili ya injini si oili ya shokapu. Tena bomba lenye gesi ya shinikizo likitobolewa au kupashwa moto linaweza kumrukia fundi usoni.

Kwa anayenunua nje ya nchi, neno moja la forodha. Tumezoea kuvusha mazao kwa cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Shokapu iliyotoka Japani au China haiwi ya Uganda kwa sababu imenunuliwa Kampala. Itangaze, na risiti uwe nayo mkononi. Kwenye orodha ya forodha iko chini ya namba 8708.80, pamoja na vipuri vingine vya mfumo huo. Kuijua namba hiyo kunapunguza mabishano dirishani.

Kazi yenyewe, kwa shokapu za nyuma za Hiace ya springi za majani, ni ya nusu siku kwa mtu anayeifanya mara ya kwanza. Spana za 14, 17 na 19 ndizo utakazozihitaji zaidi kwenye gari la Kijapani, mbili mbili ikiwezekana, kwa sababu moja itashika na nyingine itazungusha. Jioni ya kuamkia siku ya kazi, safisha nati kwa brashi ya waya na uzimwagie oili ya kulegeza kutu. Usiku ule unafanya kazi kubwa kuliko mkono wako.

Shusha mzigo wote. Egesha tambarare, tia gia, zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi vya mbao mbele na nyuma. Inua nyuma kwa jeki, kisha weka stendi mbili za chuma chini ya ekseli yenyewe. Narudia: chini ya ekseli. Ukiziweka chini ya chasi, ekseli inabaki inaning'inia kwenye shokapu, na ukiifungua shokapu inaanguka na kuvuta mpira wa breki. Zikiwa chini ya ekseli, springi inaendelea kubeba gari, shokapu haivutwi wala haibanwi, na unaitoa bila vita.

Stendi maana yake stendi. Mji huu umejaa mawe meusi ya volkano, na nimeona magari yamelazwa juu yake. Jiwe hilo lina matundu ndani kama mkate. Linaonekana zito na imara, kisha linapasuka bila kutoa sauti ya onyo. Tofali la saruji nalo ni hivyo hivyo. Asiye na stendi aazime gereji, na jeki peke yake isimzuie mtu kufikiri: jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Kabla ya kuingia, lisukume gari kwa bega. Likitikisika, panga upya.

Fungua nati ya chini, kisha ya juu. Ikigoma, ongeza oili na subiri. Usipashe moto karibu na bomba la gesi. Kumbuka mpangilio wa wosha na mipira, au piga picha. Kwenye shokapu mpya, kabla ya kuifunga, rudia ile pampu ya mara tano au sita ikiwa wima, kwa sababu imelala ghalani na hewa imejipenyeza mahali pa oili. Ya gesi hufika imefungwa mkanda. Vidole vikae mbali unapoukata. Na fimbo ile inayong'aa usiishike kwa koleo hata mara moja. Mkwaruzo mdogo unakata mpira wa kuzuia oili, na shokapu mpya inaanza kuvuja mwezi huo huo.

Funga juu, funga chini, kwa mkono kwanza. Kaza mwisho gari likiwa limebebwa na springi zake, kama lilivyo kwenye stendi hizo za ekseli, kwa sababu bushi ya mpira ikikazwa ikiwa imejipinda itachanika. Nguvu ya kukazia imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Spana ya kupimia nguvu iazime kwa fundi.

Mbele ni habari nyingine. Hiace nyingi za aina ya LH100 na KDH200 hazina koili mbele: uzito unabebwa na nondo ndefu ya chuma inayojipinda chini ya gari, na shokapu iko peke yake. Aliyekwisha kufanya ya nyuma anaweza kuijaribu, mkono wa chini wa gurudumu ukiwa umeegemezwa kwa jeki, na bila kugusa boliti ya kurekebishia ile nondo. Lakini mwenye Hilux ya kuanzia mwaka 2005, ile inayoitwa Vigo, akae mbali. Pale shokapu imevaliwa koili iliyobanwa. Ukifungua nati ya juu bila kifaa cha kubania koili, inafyatuka kwa nguvu ya kuua. Ipeleke gereji yenye kifaa hicho, na uangalie kwa macho kwamba wanakitumia.

Gari likishuka kwenye stendi, bonyeza tena ile kona uliyoanza nayo. Kisha nenda nalo tupu, polepole, hadi Rugerero na kurudi, ukisikiliza. Mgongano wa chuma nyuma ni nati isiyokazwa au wosha iliyosahauliwa. Kama umebakiwa na wosha mkononi, jibu unalo. Baada ya safari ya kwanza ya mzigo kutoka Musanze, kabla ya kupakia ya pili, ingia chini tena na spana. Nati za kwanza hulegea kidogo zikikaa mahali pake. Shokapu kuukuu, zenye oili yake ndani, ziende kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mfereji wa barabarani unaishia Kivu.