Nyumba Ipunguzwe Kabla Nguvu Hazijapungua

Katika viunga vya Dar es Salaam nyumba ya familia huchelewa kukamilika. Kiwanja hununuliwa mwaka huu, msingi hupandishwa miaka mitatu baadaye, matofali hufyatuliwa fedha ikipatikana, na pagale hukaa bila bati mpaka mkopo utoke au zamu ya upatu ifike. Mwenyewe huhamia kabla ya plasta ili aepukane na kodi ya kupanga. Ramani ilichorwa watoto wakiwa wadogo, kila mmoja akahesabiwa chumba chake. Siku vigae vya sebuleni vinapobandikwa, mkubwa ameshaolewa, mdogo wake yuko mkoani kikazi, na vyumba ambavyo wazazi walijinyima ili kuvijenga vimebaki kutunza masanduku na magodoro ya wageni. Swali la kuhamia nyumba ndogo kwa hiyo hutufikia mapema kuliko tunavyodhani, mara nyingine kabla rangi ya kwanza haijakauka.

Tena linawafikia wengi kwa wakati mmoja. Mwaka 2002 Serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 jijini, yakapimwa maeneo kama Bunju na Mbweni upande wa Kinondoni, Toangoma upande wa Temeke, na Kibada ambayo leo iko Kigamboni. Aliyekabidhiwa kiwanja mwaka 2003 akiwa na miaka 40 alitimiza 60, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, mwaka 2023. Wajenzi wa kwanza wa mitaa hiyo wanazeeka pamoja, na kaya nazo zinapungua: sensa ya 2012 ilikuta wastani wa watu 4.7 kwa kaya nchini, ya 2022 ikakuta 4.3. Nyumba iliyojengwa kwa hesabu ya watu wanane inabaki na wawili, na wawili hao ndio wanaopaswa kuitunza yote.

Gharama ya kuitunza haimo katika kodi. Kodi ya majengo kwa nyumba ya kawaida, inayokatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, iliwekwa mwaka 2023 kuwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Kinachomaliza fedha ni bati linaloliwa na chumvi ya bahari, mchwa kwenye kenchi, pampu ya kisima inayoungua, ukuta wa fensi unaoinama baada ya masika na mshahara wa mlinzi. Mambo haya hayapungui chumba kinapokuwa kitupu, ila kipato hupungua mtu anapostaafu. Kanuni mpya ya mafao iliyoanza Julai 2022 ilimpa mstaafu asilimia 33 ya mafao yake kwa mkupuo, ikapandishwa mwaka 2024 kuwa 40 kwa kundi moja la wanachama na 35 kwa jingine. Sehemu iliyobaki hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Mkupuo huo ukiishia kwenye dari na madirisha ya vyumba visivyolaliwa, mzee atakuwa na nyumba nzuri na mfuko mtupu.

Ndiyo maana nasema wakati wa kuamua ni miaka ile ya mwisho ya kazi, mshahara ukiwa bado unaingia na wote wawili wakiwa na afya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo uamuzi huu unahitaji watu wawili wanaoweza kukaa mezani, kuelewana na kutia saini. Zaidi ya hapo, viwanja vingi vya pembezoni vilinunuliwa kwa karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa tu. Kufuatilia upimaji na hati ni safari za ofisi hii na ile, na mtu aliyekwisha kupata kiharusi hataziweza. Akifariki mmoja kabla ya hapo, mjane hawezi tena kupanga peke yake: mahakama, msimamizi wa mirathi na ndugu wa marehemu wote wanaingia ndani ya mjadala. Uamuzi uliokuwa wa watu wawili unakuwa wa ukoo.

Kupunguza nyumba si lazima kuanze kwa kuuza. Mji huu una desturi yake ya siku nyingi. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni au Temeke, yenye korido katikati, vyumba pande mbili na banda la uani, ilimwezesha mwenye nyumba kujibana katika chumba na sebule na kuvipangisha vilivyobaki, akaongeza au akapunguza nafasi yake kadiri familia ilivyobadilika. Nyumba za Bunju na Chamazi zimejengwa kwa namna nyingine: lango moja, jiko moja, mita moja. Hata hivyo zinagawika. Mlango wa pili, jiko dogo, mita ya pili ya LUKU na choo cha ndani kwa kila upande vinaweza kuigeuza nyumba moja kuwa mbili. Au wenye nyumba wahamie kibanda cha nyuma na kupangisha nyumba kubwa. Kazi hiyo inahitaji fundi, simenti na mtu wa kusimamia, na hiyo ni sababu nyingine ya kuifanya kabla ya kustaafu.

Kuuza kunafaa pale mahali penyewe panapokuwa mzigo, si vyumba. Mwenye kuhudhuria kliniki ya figo au moyo Muhimbili akitokea Bunju atazeekea kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 imewezesha mtu kuwa na hati ya fleti yake, kwa hiyo kuna pa kuhamia karibu na huduma. Lakini hesabu ifanywe kwa karatasi. Faida ya mauzo hutozwa kodi ya asilimia 10, dalali anasubiri chake, na fleti ina mchango wa kila mwezi wa usafi na ulinzi. Kuuza kusikobakiza akiba baada ya hayo si kupunguza mzigo, ni kuuhamisha.

Wapo watakaouliza: msiba ukitokea, watu watakaa wapi? Swali ni la haki, maana nyumba kwetu ni ya watu wote. Lakini matanga ya mjini hukaliwa nje, chini ya turubai na juu ya viti vya kukodi. Kinachotakiwa ni uwanja, na aliyegawa nyumba bila kuuza kiwanja bado anao. Wengine watasema nyumba ni urithi wa watoto. Urithi ambao watoto wanalazimika kuutumia fedha ya paa kila mwezi, kisha kuugombania mahakamani, ni zawadi nzito. Nyumba mbili ndogo zenye wapangaji na hati safi hugawanyika kwa amani zaidi kuliko moja kubwa isiyogawanywa. Na yule anayeogopa kwamba majirani watasema kafilisika, ajiulize heshima ipi ni kubwa: sebule pana, au kununua dawa zake bila kumpigia mtoto simu?

Hoja hii ina faida kubwa zaidi kwa ambaye bado yuko kwenye msingi. Anajua watoto wake wataondoka, na anajua ujenzi utamchukua miaka mingi. Basi amwambie mchoraji aweke mahali pa mlango wa pili na jiko la pili tangu sasa, na achimbe shimo la maji taka linalotosha kaya mbili. Mistari michache kwenye karatasi leo itamwokoa kubomoa ukuta akiwa na miaka 65, akitegemea pensheni.