Balbu ya Katikati Isiyowaka: Njia ya Mikondo ya Vitanzi

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa moja huko Temeke, tukamtazama mwanachuo akiunganisha betri na balbu tatu za tochi mbele ya wanafunzi. Balbu ya kushoto iliwaka, ya kulia ikawaka, ya katikati haikuwaka. "Imeungua," akasema, akaitupa. Balbu ile ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni somo, kwani darasa zima liliondoka na jambo lisilo kweli, nalo limetoka kinywani mwa mwalimu.

Kosa kama hilo huepukwa kwa hesabu fupi wakati wa kuandaa somo. Msingi wake ni kanuni aliyoitoa Gustav Kirchhoff wa Ujerumani mwaka 1845, naye akiwa bado mwanafunzi: ukikizunguka kitanzi chochote cha saketi hadi ulipoanzia, volti zinazotolewa na betri ni sawa na zile zinazotumika katika vikinzani.

Tuchore vitanzi viwili, mfano wa madirisha mawili yenye mwimo mmoja kati yao. Kushoto tuweke betri mbili za volti 1.5, yaani volti 3, pamoja na balbu moja. Kulia vivyo hivyo. Balbu ya tatu ikae kwenye waya wa kati. Kila balbu tuichukulie kuwa na ukinzani wa omu 10. Katika kila kitanzi tudhani kwamba mkondo unazunguka kama mishale ya saa: mkondo K kushoto, mkondo L kulia. Hapa ndipo penye kiini. Katika waya wa kati K hushuka na L hupanda, hivyo balbu ya katikati hupitiwa na tofauti yao tu.

Betri zote zikisukuma kwa mwelekeo huo, twapata:

3 = 10K + 10(K − L)
3 = 10L + 10(L − K)

Jibu ni K = L = ampea 0.3. Katikati pana sifuri, na balbu haina budi kuzimika.

Tukizigeuza betri za kulia, mlinganyo wa pili huanza na −3. Sasa K ni 0.1 na L ni −0.1. Alama ya kutoa si kosa. Yatuambia kuwa mkondo huo unazunguka kinyume cha tulivyodhani. Katikati hupita 0.1 − (−0.1), yaani ampea 0.2. Balbu "iliyoungua" huwaka kuliko wenzake!

Vipimo halisi vitatofautiana kidogo na hesabu, maana ukinzani wa balbu huongezeka inapopata moto. Sifuri ya katikati, hata hivyo, hubaki maadamu pande zote mbili ni sawa. Kwa hiyo betri zote nne zinunuliwe mpya, pamoja. Ukichanganya na zilizochoka za redio, balbu ya kati yaweza kufifia badala ya kuzimika kabisa.

Wanafunzi wa shule ya msingi hawahitaji milinganyo. Waulizwe kwanza ipi itawaka, ndipo waya ziunganishwe. Nao waonywe mapema kwamba umeme wa ukutani, wenye volti 230, haujaribiwi hivi nyumbani.