Gesi Inayopasua Chuma

Bila shaka umewahi kuvunja yai viza. Unaikumbuka harufu yake? Ile ni gesi yenye salfa. Gesi hiyo hiyo imo katika mashimo ya choo. Na huko Kazakhstan, imo katika mafuta yaliyo chini ya bahari.

Mahali penyewe panaitwa Kashagan, katika Bahari ya Kaspi. Mafuta yaligunduliwa huko mwaka 2000. Yamo ndani ya miamba, zaidi ya kilomita 4 kwenda chini. Bahari haina kina kirefu; ni mita 3 au 4 tu. Lakini wakati wa baridi maji huganda yakawa barafu. Kwa hiyo vilijengwa visiwa, na visima vikachimbwa juu ya visiwa hivyo.

Shida kubwa ni ile gesi. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia penye mabonde na mashimo. Ikiwa kidogo, utaisikia harufu. Ikiwa nyingi, pua hufa ganzi. Unadhani imekwisha, kumbe ndiyo inakuua. Katika visima vya namna hii, mtu akianguka, mwenzake haruhusiwi kumfuata bila kinyago cha hewa. Vivyo hivyo kwenye shimo la choo. Mara nyingi anayeteremka kuokoa hufa yeye pia.

Hata chuma hakisalimiki. Gesi hii ikikutana na unyevu, hupenyeza haidrojeni ndani ya chuma. Chuma kilicho kigumu mno hupasuka, hasa pale kilipoungwa kwa kuchomelewa. Ukikitazama kwa nje huoni kitu.

Mafuta ya Kashagan yalianza kutoka Septemba 2013. Mwezi huo huo bomba la gesi likavuja. Oktoba likavuja tena, na kazi yote ikasimama. Wapimaji wakakuta nyufa kwenye maungio. Mabilioni ya dola yalikuwa yamekwisha tumika! Ikabidi kubadilisha mabomba mawili, la mafuta na la gesi, jumla ya kilomita 200 hivi.

Mafuta yalitoka tena mwaka 2016, kwa mabomba mapya yaliyofunikwa ndani kwa madini yenye nikeli. Sehemu ya gesi husukumwa irudi chini miambani. Nyingine hupelekwa kiwandani nchi kavu, ikatolewa salfa. Mkulima wa korosho anaijua salfa: ni ule unga wa manjano anaoupulizia mikorosho yake kuzuia ubwiriunga.