Lami Inafika Elwak, Mkanda Je?

Kwa miaka mingi kilichomzuia dereva wa Elwak asikimbize gari hakikuwa polisi wala sheria, bali barabara yenyewe. Changarawe, mchanga unaomeza magurudumu na laga, mito mikavu inayofurika wakati wa mvua, vilimlazimisha aende taratibu, apende asipende. Balaa la kawaida lilikuwa gari kukwama au springi kukatika, na abiria wakashuka kusukuma.

Hali hiyo inabadilika. Barabara ya Isiolo hadi Mandera, zaidi ya kilomita 700 kupitia Modogashe, Wajir, Kutulo, Elwak na Rhamu, ilitengewa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2020 ili sehemu zake ziwekwe lami. Watu wa Kaskazini Mashariki wameisubiri lami hii tangu uhuru, na wana haki ya kuifurahia. Mifugo itafika sokoni ingali na nguvu, na mama mwenye uchungu atafika hospitali kabla ya saa yake. Lakini lami huja na mwendo. Ndiyo maana ni lazima tuzungumze sasa kuhusu kifaa ambacho katika magari mengi ya huku kimelala chini ya kitambaa cha kiti, kimeshiba vumbi: mkanda.

Gari linaloenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu kisichosogea, aliyemo ndani bila mkanda huendelea mbele kwa mwendo uleule wa 50 mpaka akutane na usukani, dashibodi au kioo. Kishindo anachokipata ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Mwendo ukifika 100 kishindo hakizidi mara mbili tu, kinazidi mara nne, na sasa ni kama mtu aliyeanguka kutoka mita 40. Elwak hakuna jengo la urefu huo.

Tazama gari la Probox linavyopakia abiria alfajiri. Kiti cha mbele wamebanana wawili, nyuma wanne au watano na watoto mapajani, na kwenye buti kuna wengine juu ya mizigo. Mkanda umebaki wa dereva peke yake. Kizuizi cha polisi kinapoonekana anauvuta begani na kuushikilia kwa mkono bila kuuchomeka, akishapita, anauachia. Gari likiwa la kisasa kidogo, lenye kulia mkanda usipofungwa, anachomeka ulimi mtupu wa chuma ulionunuliwa dukani ili mlio unyamaze. Na abiria akithubutu kusema, “Abti, huo mkanda,” jibu lipo tayari: gari hili lina mifuko ya hewa.

Imani hiyo si ya Elwak tu. Wamarekani waliishika kabla yetu, na waliilipia kwa roho za watu. Katika miaka ya 1970 kampuni ya General Motors iliuza magari yenye mifuko ya hewa kwa matumaini kwamba ingewalinda hata wale wasiotaka kufunga mkanda wa begani. Baadaye sheria ya huko ikataka mfuko uweze kumzuia mwanamume mzima asiyefunga mkanda kabisa, basi watengenezaji wakaupa nguvu nyingi. Kati ya mwaka 1990 na 2008 watu zaidi ya 290 waliuawa na mifuko yenyewe, katika ajali za mwendo mdogo ambazo pengine wangetoka na michubuko. Wengi walikuwa watoto, na watu wazima wafupi walioketi karibu mno na usukani. Zaidi ya wanane katika kila kumi hawakuwa wamefunga mkanda, au waliufunga vibaya. Tangu 1998 nguvu ya mifuko ilianza kupunguzwa. Ujerumani walishika njia nyingine: Mercedes-Benz ya mwaka 1981 iliuweka mfuko wa hewa na mkanda unaojikaza wenyewe katika mfumo mmoja, kila kimoja kikimtegemea mwenzake. Huo ndio muundo uliomo katika magari tunayoyaendesha leo.

Sababu yake utaiona ukifuata yanayotukia, kwa vipimo vya elfu moja ya sekunde. Gari likigonga, sensa zilizo mbele na katikati hupima jinsi mwendo unavyokatika. Kompyuta ndogo iliyo karibu na gia huamua, ndani ya sehemu 15 hadi 20 za elfu moja ya sekunde, kama huu ni mgongano wa kweli au ni shimo tu. Ikiamua ni mgongano, hupeleka umeme kwenye kopo la chuma lililo ndani ya usukani. Kemikali iliyomo huwaka na kutoa gesi kwa wingi, na mfuko wa nailoni hupasua kifuniko na kutoka kwa kasi inayoweza kufika kilomita 300 kwa saa. Baada ya sehemu nyingine 30 hivi za elfu moja ya sekunde umejaa. Papo hapo huanza kunywea, kwa kuwa nyuma una matundu ya kuachia gesi ili kichwa kipokelewe polepole. Hujafumba na kufumbua jicho, yote yamekwisha.

Hesabu hiyo yote imepigwa kwa mtu aliyefunga mkanda. Yeye hufika kwenye mfuko ukiwa umeshajaa na unaanza kunywea. Asiyefunga ametangulia: breki za dakika ya mwisho zimeshamsukuma mbele, kifua kiko juu ya usukani, na mfuko unamkuta bado unapasuka kutoka. Kilichotengenezwa kimwokoe ndicho kinachomvunja shingo. Ndiyo sababu dereva hushauriwa akae angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani, hata akiwa amefunga.

Mkanda wenyewe ni kazi ya akili kubwa, ingawa hatuupi heshima yake. Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo nchini Swideni, aliuleta kwenye magari mwaka 1959 ukiwa na ncha tatu, na kampuni yake ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Uzuri wake ni kwamba hulikabidhi pigo kwa mifupa yenye nguvu: mtulinga, kidari na nyonga, badala ya tumbo laini. Ndani ya nguzo ya mlango una kigurudumu chenye kidude kinachoning’inia. Gari likisimama ghafla, kidude huegemea na kulifunga jino, mkanda usitoke tena. Katika magari mengi kuna pia baruti kidogo inayouvuta mkanda nyuma kwa sentimita kadhaa mara tu gari linapogonga, kisha kipande cha chuma hujisokota na kuulegeza kiasi, mbavu zisivunjike. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa waliokaa mbele kwa takriban nusu.

Ili ufanye kazi hiyo ni lazima ukae mwilini ipasavyo. Usipite chini ya kwapa. Mwenye jilbabu auvute mpaka ukaze juu ya nguo, na mjamzito aupitishe chini ya tumbo, juu ya nyonga, kamwe si katikati ya tumbo.

Na mtoto aliye mapajani? Chukua wa kilo 10. Gari likienda 50 na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mikono ya mama inatakiwa kuzuia nguvu ya kilo 140 hivi. Hakuna mama awezaye, hata awe na mapenzi kiasi gani. Mtoto hurushwa mbele, au huwa ndiye mto wa mamaye. Akiwa kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa, hatari ni mara mbili. Mahali pake ni nyuma, kwenye kiti chake mwenyewe kilichofungwa.

Kuna hoja moja ya huku ambayo siidharau. Barabara hii ya Isiolo hadi Mandera imeona mashambulizi, na wasafiri wamejifunza kukaa tayari kuruka nje. Wanauona mkanda kama kamba ya kuwafunga mbele ya adui. Lakini mkanda hufunguka kwa kidole gumba kimoja. Gari likipinduka kwa mlipuko au kwa dereva kukimbia risasi, aliyefungwa hubaki ndani na akili zake. Asiyefungwa hutupwa dirishani na kulaliwa na bodi. Anayetaka kukimbia anahitaji kwanza kuwa na miguu.

Sheria tunazo. John Michuki, akiwa Waziri wa Uchukuzi, alilazimisha mikanda na vidhibiti mwendo kwenye matatu mwezi Februari 2004, na nchi nzima ilishuhudia kwamba inawezekana. Leo abiria asiyefunga anaweza kutozwa Sh500. Faini hiyo haina maana kwa Probox iliyojaza watu tisa kwenye mikanda mitano. Kazi ya kwanza ya kizuizi ni kuhesabu vichwa.

Jambo la mwisho ni umri wa magari yetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini likishaingia huzeekea hapa, na mengi yametoka Japani. Kampuni ya Takata ya huko ilitengeneza makopo ya gesi yenye nitrati ya amonia, ambayo joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu. Kopo likiwaka hupasuka na kurusha vyuma usoni pa dereva. Duniani kote karibu makopo milioni 100 yaliagizwa yarudishwe, yakiwemo ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Subaru, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Ukavu wa Elwak ni afadhali kuliko unyevu wa Mombasa, ila gari ulilonunua jana huenda limeishi Mombasa miaka kumi. Peleka namba ya chesi kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza akague.

Kabla hujalipa, washa swichi utazame dashibodi. Taa ya mfuko wa hewa inapaswa kuwaka sekunde chache kisha izime. Isipozima, mfumo una kasoro. Isipowaka kabisa, huenda kuna fundi aliyeing’oa balbu ili mnunuzi asiulize kitu. Vuta kila mkanda kwa nguvu ghafla; usipokwama, haufai. Ukioshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni hafifu, mkanda wenye vumbi mara nyingi hurudi kuviringika vizuri. Na ukiamua kununua mwingine kwenye spea za magari yaliyokatwa, kumbuka kwamba uliowahi kushika mtu katika ajali hautumiki tena, maana nyuzi zimevutika na baruti imeshalipuka. Muulize muuzaji gari hilo lilikatwa kwa sababu gani.